Upande wa Huku wa Daraja la Lufunde

Kinshasa, tarehe 9 Oktoba 1976

Yaya Germaine, dada yangu mkubwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji Adrien na watoto. Sisi huku hatujambo. Virginie alijifungua salama mwezi uliopita, mtoto wa kike. Kwenye daftari la serikali la komini tumemwandika Kapya, maana majina ya kikristo hayapokelewi tena, lakini nyumbani tunamwita Albertine. Mvua zimeanza. Kazi ni nyingi: tangu mwezi wa saba ofisi yetu inatayarisha bajeti ya ulinzi ya mwaka ujao, na mimi ndiye ninayepanga hesabu zake.

Sasa neno lenyewe. Nataka Mama atoke Mulonga aje akae kwako Lubumbashi. Si matembezi, akae. Ile nyumba ya stesheni imechakaa, yeye ana miaka sitini na nane, zahanati hakuna, na tangu Baba afariki hana mtu wa kumtazama. Nitatuma nauli na fedha ya kumwongezea chumba. Ningependa awe amefika kabla ya Noeli. Asikawie kupita mwisho wa mwezi wa kwanza.

Usimwambie kwamba nimeweka tarehe. Mwambie wewe ndiye unayemhitaji.

Mdogo wako,
Ngosa


Lubumbashi, tarehe 2 Novemba 1976

Constantin,

Barua yako imetembea wiki mbili na nusu. Tuko wazima. Adrien bado yuko kwenye tanuru la shaba, akitoka kazini anakohoa mpaka anashika ukuta. Mashine yangu ya kushona ilikatika mkanda, fundi mmoja wa hapa mtaani kwetu Kenya ameifunga kwa ngozi ya mbuzi na inakwenda. Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto. Amkuze.

Sasa nikujibu. Miaka sita hujakanyaga Mulonga. Baba alipokufa ulituma telegramu ya maneno kumi na moja, niliyahesabu. Mimi ndiye niliyekaa chini na Mama siku zote za matanga. Leo unaniandikia kama karani anavyomwandikia mlinzi wa lango: mlete huyu, kabla ya tarehe hii, usiseme mengi.

Hata hivyo nilimpelekea Mama ujumbe kwa Lucien, mkuu wa stesheni ya Mulonga, aliposhuka huku kwa kazi zake. Jibu la Mama alilileta neno kwa neno: "Umwambie Germaine, mimi si kifurushi. Bwana yangu iko hapa, mihogo yangu iko hapa. Ntaenda kufanya nini mu Kenya, kuangalia bantu benye kupita?"

Na mimi nina swali. Miaka mitatu iliyopita wakubwa waligawiana mashamba ya Wagiriki na Wareno. Hayo wameyala yakaisha. Mama ana hekta nne za michungwa ya Baba, na mto uko karibu. Ni mkubwa gani wa ofisi yenu aliyekuomba shamba hilo? Niandikie jina lake, nimpelekee Mama alisikie.

Dada yako,
Germaine


Kinshasa, tarehe 28 Novemba 1976

Yaya,

Watoto ni wazima. Kapya ameanza kucheka. Virginie anakusalimu, ingawa nilipomsomea barua yako aliinuka akatoka chumbani.

Kwanza, usiandike tena jina la Constantin juu ya bahasha. Barua zangu hupita kwenye mikono mingine kabla ya kunifikia. Mwezi huu niliitwa kueleza kwa nini dada yangu hajui kwamba majina hayo yameondolewa.

Pili, hakuna mkubwa anayetaka michungwa. Baba alinisomesha kwa mshahara wa kugeuza njia za treni, na wewe unadhani ningeuza udongo aliozikwa. Sikuja kumzika kwa sababu nilinyimwa ruhusa. Sikukwambia kwa kuwa hukuuliza. Ulipendelea kuhesabu maneno.

Siwezi kueleza zaidi. Wewe ni mkubwa wangu, lakini katika hili nisikilize. Kama Lubumbashi inamshinda, akae popote anapotaka, kwa masista, kwa mama mdogo, mradi awe upande wa huku wa daraja la Lufunde, yaani upande wa Lubumbashi. Fanya hivyo kisha unichukie upendavyo.

Ngosa


Lubumbashi, tarehe 6 Januari 1977

Ngosa,

Nimeandika Ngosa juu ya bahasha, ufurahi. Heri ya mwaka mpya kwa Virginie na watoto. Huku mwaka umeanza vibaya, unga wa kusongea bukari umepanda tena na Adrien alilazwa siku nne. Sasa amerudi kazini.

Noeli nilikwenda Mulonga. Nilikaa siku moja na nusu ndani ya treni, nimekaliwa na magunia ya watu. Nilikwenda kumvuta Mama, kama ulivyotaka. Alinipikia, akanionyesha kaburi alivyolipaka chokaa, na kila nilipotaja Lubumbashi aliniuliza kama nimeshiba.

Lakini yale maneno yako ya daraja yalikuwa yamenikaa kichwani. Nikaenda kwa Lucien. Alikuwa na mkewe Mwape, mwenye mimba ya miezi sita. Nikamwuliza, "Daraja la Lufunde liko na nini?"

Lucien alitazama mlango kwanza. "Mama Germaine, mwezi wa kumi na moja balikuya bantu na gari ya jeshi. Balitoboa nguzo, tundu sita kila nguzo. Baliandika namba na rangi nyeupe. Nikabauliza, munatengeneza? Mukubwa wao akacheka."

"Na askari?" Maana wale askari arobaini waliokaa kwenye maghala ya stesheni sikuwaona.

"Balibatosha hapa, balibaondoa bote. Sasa beko na mahema ng'ambo ya mto, upande wa kwenu."

Mimi ni mshona nguo, Ngosa. Mtu akitia alama kwenye kitambaa najua anataka kukikata wapi. Huko Mulonga hakubaki askari hata mmoja, na mpaka uko kilomita tisini. Wewe ulijua. Uliandika "upande wa huku wa daraja" kabla mimi sijasikia habari ya tundu lolote.

Nijibu ndiyo au hapana. Vita vinakuja? Mulonga kuna nyumba sitini na tatu. Ya Mama ni moja. Zile sitini na mbili mmezipangia nini?

Germaine


Kinshasa, tarehe 25 Januari 1977

Sitoyen, raia mwenzangu na dada yangu,

Nakusalimu pamoja na jamaa wote. Sisi tu wazima na tunafanya kazi kwa bidii.

Barua yako ilifika ikiwa imegundishwa mara mbili. Hakuna vita vinavyokuja. Jeshi letu lina nguvu na nchi ina amani. Mambo ya matengenezo ya madaraja hayanihusu, na wewe hayakuhusu zaidi. Nakushauri ushughulike na cherehani yako na afya ya mume wako.

Kuhusu Mama, maoni yangu ni yale yale.

Ngosa


Kinshasa, tarehe 12 Februari 1977

Yaya,

Barua hii anakuletea sista wa parokia yetu anayesafiri kwa ndege. Haijapita kwa mtu mwingine. Ukimaliza kuisoma ichome. Ile ya mwezi uliopita niliiandika nikijua nani ataisoma kabla yako.

Umeuliza. Nitajibu mara moja tu.

Mwezi wa saba tuliitwa watu wanne. Bei ya shaba imeanguka miaka miwili sasa, fedha za kigeni hakuna, na bajeti ya ulinzi ilikatwa theluthi moja. Ndege za kivita hazikuguswa. Gwaride halikuguswa. Tuliambiwa tupunguze kwingine, na maofisa wakati huo huo walitaka mpaka wote ulindwe. Nikachukua karatasi nikahesabu malori yanayotembea kweli, si yale yaliyo kwenye orodha. Thelathini na moja. Nikahesabu mafuta ya akiba. Siku kumi na mbili. Kwa malori hayo huwezi kumlisha askari aliye mpakani. Atakaa bila risasi na bila unga, atawapora wanakijiji, kisha atakimbia. Lakini ukimrudisha nyuma ya mto na kuvunja daraja, mafuta yale yale yanatosha kulinda migodi na miji mwezi mzima.

Maofisa walibisha siku tatu, halafu wakakubali. Ule mstari wa mtoni niliuchora mimi, Yaya. Kwanza kwa penseli, kisha kwa wino. Hakuna aliyenilazimisha. Karibu na mstari kuna nafasi ya kujaza idadi ya watu watakaobaki upande wa magharibi. Niliandika: ndogo.

Nilijua ni Mulonga. Niliweka kalamu chini muda wa kunywa chai, kisha nikaendelea.

Habari tulizo nazo zinasema adui, wapiganaji walioko ng'ambo ya mpaka, watavuka kabla ya Pasaka. Mtoe Mama sasa. Usimwambie mtu mwingine. Watu wakianza kuhama, adui atajua kwamba hatutapigana pale, atakwenda mbio ashike daraja kabla halijavunjwa, na hapo hakuna kitakachomzuia mpaka kwenye mlango wa Adrien. Na watatafuta aliyesema. Nina watoto wanne.

Constantin


Lubumbashi, tarehe 29 Machi 1977

Constantin,

Sikusalimu. Waliobaki hai ni wazima. Nitakueleza, kwa sababu redio yenu haitakueleza. Sista yule yule anarudi, anakuletea.

Barua yako niliipata tarehe 24 Februari. Kesho yake nilipanda treni. Mama alikuwa anamenya mihogo. Nilikaa karibu naye nikamwambia vita vinakuja, daraja litavunjwa, na wewe umesema atoke.

Akaniuliza, "Na bengine?"

"Barua inasema wewe."

"Inasema mimi tu?"

"Wewe tu, Mama."

Alimenya mhogo ule mpaka mwisho. Kisha akasema, "Unasikia, mimi nilizalisha nusu ya batoto ba hapa. Nikipita na kifurushi mbele ya milango yabo, nitabaambia naenda wapi? Itana Lucien."

Nikamwita. Aliniuliza nani kaniambia, nikasema siwezi kutaja, na hakuuliza tena. Alikuwa na mabehewa matano matupu yaliyongoja kurudishwa mashariki. Aliandika karatasi ya ruhusa kwa muhuri wake mwenyewe, bila kumwomba mkubwa yeyote. Tulipita nyumba kwa nyumba. Wengine walitucheka. Wengine walisema hawaachi mbuzi. Kichwa cha treni kilipatikana Jumatatu tarehe 7. Tulipakia watu mia mbili na kumi, wazee, wanawake na watoto. Lucien alilazimika kupanda nasi, maana askari wa darajani wasingeruhusu treni ipite bila yeye. Tulishuka stesheni ya kwanza ng'ambo ya mto, na safari ya pili ilipangwa Jumatano. Mwape alikaa kungoja hiyo. Alikuwa mwezi wake wa tisa, na alisema behewa limejaa, ampishe bibi mmoja asiyeweza kutembea.

Jumanne adui alivuka mpaka, na Jumatano asubuhi Lucien alikuwa njiani kurudi kuwachukua. Alikuwa bado kilomita mbili kutoka mtoni alipousikia mlipuko.

Waliobaki walikimbilia msituni. Wanne walijaribu kuvuka Lufunde kwa kamba wakazama. Mmoja ni katekista Kasonde, aliyekufundisha kusoma. Mwape alizaa porini. Mtoto aliishi siku mbili. Mwape mwenyewe alifika hapa tarehe 22, kaka yake akimbeba mgongoni.

Mama yuko kwangu. Wengine wamelala uwanjani mwa parokia huko Kampemba, chini ya maturubai.

Sasa sikiliza hili. Tarehe 14 watu wa usalama walikuja uwanjani kumkamata Lucien. Wanasema: mtu aliyeondoa watu siku moja kabla ya vita ni mtu wa adui. Wanamwuliza nani alimwambia. Anajibu alisikia kwa abiria. Wanampiga. Mwape alimpelekea chakula, wakamrudishia shati ili alifue. Niliona lile shati.

Mimi nilikwenda kwenye ofisi yao. Nikasema, "Ni mimi niliyemwambia." Ofisa akacheka akasema, "Wewe ni mwanamke wa tisa kutoka Mulonga kuja kusema hivyo wiki hii. Haya, na wewe mshona nguo, nani alikuambia?" Nikanyamaza. Huko kunyamaza nilikufanyia wewe, na sitarudia.

Enda ukaseme. Wewe unajua mlango wa kugonga. Barua yako sikuichoma.

Germaine


Kinshasa, tarehe 17 Aprili 1977

Germaine,

Barua hii pia inapita kwa sista. Pasaka imepita. Watoto wazima.

Nimesikitika kwa ajili ya katekista na kwa ajili ya mtoto wa Lucien. Lakini tuseme mambo yalivyo. Mapigano yamesimama mbali na kwenu. Miji imebaki, tanuru linawaka, Adrien analipwa, na wewe unaketi salama ukiniandikia matusi. Mambo yamekwenda kama nilivyoyahesabu. Nilikuambia umtoe Mama peke yake. Wale wanne wasingekwenda ukingoni mwa mto kama usingewaahidi treni ya pili. Wangeingia msituni mapema, kama watu wafanyavyo vita vikija.

Daraja lilivunjwa siku tano kabla ya siku iliyoandikwa kwenye mpango. Unajua kwa nini? Waliona treni imejaa watu, wakadhani adui amekwisha fika.

Unataka kichwa changu kwa kichwa cha mkuu wa stesheni. Nina mke na watoto wanne ndani ya nyumba ya serikali. Lucien ataachiwa, hawana ushahidi.

Ile barua, kama unayo kweli, fanya unavyotaka nayo.

Ngosa


Lubumbashi, tarehe 28 Aprili 1977

Constantin,

Ninaandika haraka. Rubani mmoja anayeshonewa nguo na mimi anaondoka kesho na ameahidi kukufikishia mkononi.

Mama alitaka nimsomee barua yako. Nilitaka kuruka maneno, akaniona ninaruka, akasema, "Rudia pale." Nikasoma yote. Kuhusu wale wanne, yale uliyoyaandika yananiuma kwa sababu na mimi nimeyafikiri. Unajua kuchagua mahali pa kupiga.

Mama hakulia. Aliniuliza, "Ile barua ya kwanza iko wapi, ile anasema alichora?" Nikampa. Hajui kusoma, lakini aliitazama mstari kwa mstari kama mtu anayetafuta uzi uliokatika. Kisha akaifunga ndani ya kitenge, kiunoni.

Adrien akamwambia, "Mama, ukiipeleka, watamwua Constantin."

Mama akajibu, "Mwape iko na maziwa mu kifua na hana mutoto. Bwana yake iko ndani juu ya kunipandisha mimi mu treni. Germaine haende. Muntu wa kwenda njo mimi, mwenye kumuzaa."

Nilimwomba angoje. Amekubali mpaka Jumatatu tarehe 9 Mei, kwa sababu nilimwambia barua inahitaji siku kukufikia. Jumatatu hiyo saa tatu asubuhi atakwenda ofisini kwa miguu. Sitamzuia, na sitamsindikiza. Nguvu ya kufanya moja kati ya hayo sina.

Una siku hizo.

Germaine


Tarehe 12 Juni 1977

Germaine,

Mahali nilipo siruhusiwi kupataja. Padri anayekuja kutusomea misa amekubali kuchukua karatasi hii. Mwulize yeye njia ya kujibu, kama utajibu.

Nilikwenda mwenyewe Ijumaa tarehe 6 Mei, nikiwa nimevaa suti yangu ya kazi, ile abakosi. Mkuu wangu alikuwa anakunywa kahawa. Nikamwambia, "Aliyetoa habari ya daraja ni mimi."

Akasema, "Kaa chini, Ngosa. Unaumwa."

Nikarudia nimesimama. Akaweka kikombe. "Wiki hii nilikuwa naandika barua ya kukupandisha cheo. Mpango wako umesifiwa juu kabisa. Nenda nyumbani, na mimi sikusikia kitu."

Germaine, nilifika mpaka mlangoni. Nilishika kitasa. Nilichokiona kichwani ni Mama amesimama kwenye kaunta, anauliza mahali pa kuweka barua, na kijana mmoja wa ofisi anamwambia asubiri kwenye benchi. Nikarudi mezani nikamwomba mkuu wangu karatasi, nikaandika maelezo yote na kutia sahihi. Mchana telegramu ilikwenda huko kwenu.

Waliniuliza kama dada yangu alijua kwamba ni siri. Nilijibu kwamba sikumwambia ni siri. Ndiyo uongo pekee niliousema. Wakikuuliza, sema hivyo hivyo.

Usidhani umenishinda. Kwa malori thelathini na moja, ule mstari ulikuwa mahali pake, na ningeuchora tena pale pale. Lakini ile nafasi ya idadi ya watu nilikuwa na uwezo wa kuijaza. Mia nne na kumi. Nilikuwa naijua, kwa sababu Mama alinitajia kila mtoto aliyezaliwa. Ningeiandika namba hiyo, ofisa mmoja juu yangu angelazimika kuisoma, na pengine angeuliza treni ngapi zinahitajika. Niliandika "ndogo" ili asiulize.

Yale niliyokuandikia mwezi wa nne juu ya wale wanne, niliyaandika ili uumie. Nilijua yatakuumiza.

Virginie ametolewa kwenye nyumba. Sijui amekwenda wapi.

Constantin


Lubumbashi, tarehe 18 Septemba 1977

Constantin,

Padri wako alimpa padri wa kwetu, na hivi ndivyo ninavyokujibu. Imechukua muda kwa sababu sikutaka kujibu.

Mama ni mzima. Tarehe 9 Mei alivaa, akafunga kitambaa kichwani, akafika kwenye ile ofisi. Walimwambia mambo yamekwisha, mtoto wake ameandika mwenyewe. Alirudi nayo barua kiunoni, akaitia kwenye moto wa mbabula tuliyokuwa tunapikia sombe.

Virginie na watoto wako hapa kwangu tangu mwezi wa sita. Walikuja kwa mashua mpaka Ilebo, kisha kwa treni. Wanalala na Mama. Kapya ana meno manne. Virginie anakata vitambaa, mimi nashona. Hatuongei juu yako.

Walinihoji mara mbili. Nilisema ulivyotaka niseme.

Lucien aliachiwa tarehe 20 Agosti. Sikio moja halisikii, na mkono wa kushoto hauinuki. Jumapili iliyofuata Mama alimwita. Alipika bukari na makayabu, samaki wa chumvi. Tulipokaa, Lucien akasema, "Mama Germaine, sasa uniambie. Ni nani?" Mama akasema, "Ni mutoto yangu, Constantin. Njo yeye alichora, njo yeye alisema." Lucien alinawa mikono. Alikaa hivyo maji yakimdondoka vidoleni mpaka nikafikiri atainuka aende. Kisha akamega bukari akala. Alipomaliza aliaga, na aliaga vizuri.

Mwape hakuja. Hataki kukanyaga mlango wetu, na tukikutana sokoni anavuka barabara. Nimeacha kumsalimu kwa nguvu.

Mimi sijakusamehe. Usidhani kwamba kwa kuwa uligeuka mlangoni mambo yamekuwa sawa. Kama Mama asingeweka tarehe, Lucien angekufa mle ndani na wewe ungepanda cheo. Mimi mwenyewe usiku naiona ile treni ya pili. Kila mtu abebe lake.

Padri anasema wanawalimisha na hamna viatu, na kwamba mguu wako mmoja umeoza kidole. Adrien ana jozi ya viatu vya kazini ambayo hajaivaa, vya ngozi, vina chuma mbele. Mama amekwisha kuvifunga ndani ya gazeti. Lakini hatukumbuki mguu wako. Andika namba ya kiatu chako, na uandike upesi, padri wa kwetu anaondoka kuja huko tarehe 2 Oktoba.

Germaine